Paka wa Mnofu Mtupu

Shemeji yangu ni muuza nyama, na kwa kisu hana mpinzani. Anautoa mfupa kwenye paja la ng'ombe kama mtu anayevua soksi. Mimi ni mdogo wa mke wake, nashona nguo chumba cha pili, ukuta mmoja na bucha lake, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona. Mtu akimpendeza humkatia kipande cha ndani kabisa, laini, kisicho na mfupa wala mafuta. Wanangu wamekulia hapo.

Basi alipoletewa mtoto wa paka wa kumfukuzia panya, nikajua panya wamepona. Makombo hakupewa. Alikatiwa mnofu mtupu asubuhi, mchana na jioni, na jina akapewa hilohilo, Mnofu. Nikamtania shemeji kwamba kipenda roho hula nyama mbichi, ila hapa kipenda roho ndiye anayelishwa.

Kwa wiki sita Mnofu alikuwa moto wa kuotea mbali. Alipanda aproni ya shemeji hadi begani, akaning'inia kwenye pazia langu, akalala ndani ya kikapu cha vitambaa. Ghafla, Alhamisi moja, akafika kwenye kizingiti asiruke. Kizingiti chenyewe vidole vinne! Miguu ya nyuma imetanuka, mgongo umebonyea, anatembea kama sakafu imejaa miiba. Nilipomgusa kiuno aliniuma, kisha akajikokota hadi chini ya gogo la kukatia nyama na kukataa kutoka.

"Umemkanyaga!" Shemeji akanijia juu.

"Mimi? Labda wewe umemwangushia mfupa."

"Shemeji, leo sina utani."

Kweli hakuwa nao. Akamwongezea Mnofu nyama ili apate nguvu. Siku ya tatu hata kusimama ikawa kazi.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache. Akampapasa, akampiga picha, akauliza, "Anakula nini?"

Shemeji akatunisha kifua. "Daktari, huyu hajui takataka. Mnofu mtupu, namkatia mwenyewe."

"Basi ndio unaomuumiza." Akatuonyesha picha, mifupa imefifia hata kuonekana ni shida. "Nyama peke yake haina madini ya kutosha kujenga mfupa. Mwili unayachota kwenye mifupa yake mwenyewe. Kuanzia leo ale chakula maalumu cha watoto wa paka, na afungiwe wiki tano, asiruke. Akivunjika uti wa mgongo, hatatembea tena."

Bucha limejaa mifupa, paka wa bucha hana mfupa. Penye miti hapana wajenzi! Nilikuwa na utani wa mwezi mzima mdomoni, lakini nikamtazama shemeji, nikaumeza. Alikuwa analia waziwazi, na mimi nikamwonea huruma.

Wiki hizo tano zilimkondesha yeye kuliko paka. Mnofu alikaa kwenye kasha lenye wavu chini ya meza. Akisikia kisu, anaanza kulia. Shemeji anakata huku kageuzia uso ukutani. Wateja wakadhani amefiwa.

"Si umpe hata kidogo?" mmoja akamwambia.

"Nikimpa namuua."

Wiki ya tatu kilio kikawa cha kudeka, si cha maumivu. Ya nne, Mnofu akajilamba mgongo.

Siku ya kufungua kasha, dada yangu naye akaja. Mnofu akatoka. Hatua ya kwanza kiuno kikayumba, na shemeji akapiga magoti hapohapo sakafuni. Ya pili, ya tatu, mkia ukasimama wima, kisha huyoo, mbio, hadi akamrukia mapajani.

"Nakupenda wewe," shemeji akasema kwa sauti, mbele ya wateja wanne.

Dada akashika kiuno. "Miaka ishirini na sita nalisubiri neno hilo. Kumbe lilikuwa la paka!"

Shemeji akainua uso, umelowa. "Na wewe pia," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilidhani nyama inatosha."