Twita Juu au Mdomoni

Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa fizikia, kanisa letu dogo pale Shirere liliamini naweza kutengeneza spika. Nami niliamini. Nilichora mbili zenye mdomo mpana kama tarumbeta, nikampelekea jirani yangu, fundi wa majeneza, maana ndiye aliyekuwa na mbao nzuri.

Aliutazama mchoro kwa huzuni. "Pole sana, mwalimu. Marehemu alikuwa na mabega mapana hivi?"

"Ni spika, mzee."

"Aa. Lakini vishikio nitaweka. Mimi siachanga kazi bila vishikio."

Kwa hiyo spika zetu zilikuja na vishikio vinne kila moja, vya rangi ya dhahabu.

Shida ilikuwa twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Nikiifunga katikati ya mdomo, maneno yangesikika vizuri kila upande, ila ingeziba njia ya besi, ile sauti nzito. Nikiiweka juu ya kasha, besi ingetoka bila kizuizi, lakini kutoka huko juu twita ingerusha sauti kama tochi: aliye nje ya mwanga wake angekosa maneno. Nilimweleza mchungaji wetu, mama wa makamo mwenye sauti nene.

"Mwanangu, nataka mabati yatetemeke," akasema. "Weka juu."

Jumapili akatangaza, "Sasa simameni, tusali." Safu za katikati zikasimama. Za pembeni zikabaki zimeketi, zimetulia kabisa. Akarudia kwa nguvu. Mabati yakatetemeka, hakuna aliyeinuka.

"Huko pembeni mna nini na mimi?" akauliza, safari hii bila maikrofoni.

Bibi mmoja akajibu kwa heshima, "Hatuna neno, Mchungaji. Tunangoja trekta ya miwa ipite."

Wiki hiyo nilizihamishia twita mdomoni. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilisimama kwa pamoja, nikajiona shujaa. Baada ya ibada mchungaji aliniita kando, uso umemshuka.

"Sauti yangu imekonda," akanong'ona. "Watu watadhani naumwa."

Wazee wa kanisa walikaa kikao kirefu, fundi wa majeneza akiwa shahidi wa kitaalamu. Uamuzi wao ulikuwa spika ya kushoto iwe na twita juu, ya kulia iwe nayo mdomoni, na kila muumini achague. Vijana walihamia kushoto, kifua kinakodunda. Wazee wakaenda kulia. Lilipotolewa tangazo la zamu za kufagia kanisa, upande wa kushoto haukusikia, wala haukulalamika.

Mimi hukaa kulia. Mke wangu alichagua kushoto bila kunitazama. Mchana, obusuma, ugali wetu, ikiwa mezani, huniuliza mchungaji alihubiri nini. Namweleza yote, kisha namuuliza ilikuwaje upande wao.

"Tamu," husema, akimega tonge. "Tamu sana."