Koti la Mselem

Mselem wa Tanga, fundi cherehani wa Yeoville, alikuwa analala na koti. Nasema koti: lile zito la walinzi, juu yake kofia ya sufu, chini soksi jozi mbili. Mkewe Zuhura alivumilia baridi ya Johannesburg msimu mmoja. Wa pili akatoa tamko: chumba kipate joto, au yeye anarudi kwao.

Mselem anampenda mwanamke huyu kupita kiasi, na hofu ikamshika. Akanunua mashine ya joto, ile pampu inayovuta joto la nje na kulipuliza ndani. Aliambiwa hata hewa ya baridi ina joto lake, akaitikia kama aliyeelewa. Fundi Lambert, Mkongo wa Bertrams, akaifunga ukutani chumbani kwao. Mwanzo ilikuwa raha. Baadaye ikaanza kuhema kama mgonjwa wa pumu. Mselem akapandisha namba mpaka thelathini. Umeme ukaliwa, joto halikuja, koti likarudi. Zuhura akateremsha sanduku lake kutoka juu ya kabati.

Lambert akaitwa, akatukanwa kabla hajavua viatu. Akapanda kiti, akafungua kifuniko, akachomoa chujio la hewa. Lilikuwa jeusi, linanata, na chumba kizima kikanukia harusi.

"Eish! Mama Zuhura, munachomaka nini hapa chini?"

"Udi. Kila jioni. Upepo wa mashine unausambaza vizuri."

"Basi moshi imeziba pua yake. Papa Mselem, hata uweke namba mia, itakula umeme bure. Muoshe hii na sabuni, na udi muchomee mbali."

Mselem akaona amepata pa kusemea. "Kumbe baridi umeileta mwenyewe! Na udi kila jioni wa nini? Tuna mgeni gani?"

Mimi pia ni wa Tanga, na niliposimuliwa hapa niliona haya kwa niaba ya mji mzima. Kwetu mke akifukiza chumba jioni, hata jiwe linaelewa.

Zuhura akamtazama. "Mwezi mzima nakuita, Mselem. Wewe unavaa koti."

Lambert akajifanya anatafuta bisibisi. Mselem alichukua chujio, akaliosha mwenyewe kwenye beseni, akalianika juani. Likakauka, likarudishwa, mashine ikawekwa ishirini na mbili tu, ikapumua vizuri.

Lambert alirudi Bertrams amevaa koti zito la walinzi.