Diskete Mbili za Shivachi

Fundi wa kompyuta hagawi diski kabla ya kunakili kilichomo. Shivachi aliijua sheria hiyo vizuri. Ndiye aliyewafundisha wenzake kule mtaani Sarang'ombe, na aliwahi kumkemea mmoja mbele ya wateja kwa kuipuuza. Yeye mwenyewe aliivunja mara moja tu, Jumamosi moja ya mwaka 1998.

Kompyuta haikuwa yake. Ilikuwa ya Nabalayo, mwalimu aliyekuwa na shule ya mabati huko Kongo, mtaani Kawangware. Kwa miaka mitatu, kila akimaliza kusahihisha, Nabalayo aliandika humo kitabu cha hesabu cha darasa la nane, mifano yote ikitoka sokoni na kwenye mitungi ya maji, ili mtoto wa mtaa asishindwe na swali la treni ambayo hajawahi kuipanda. Mchapishaji alikuwa amekubali kukisoma. Shivachi naye alikuwa ameitwa mahojiano ya kazi Jumatatu, mahali walipotaka mtu anayeujua mfumo wa kompyuta wa Linux, na hakuwa na mashine ya kufanyia mazoezi. Wakapatana: yeye atengeneze kibodi iliyokwama, mwalimu amwachie nusu ya diski aiweke Linux kando ya Windows, mashine ikiwashwa mtu achague anayoitaka.

Nabalayo alimwomba asubiri Jumapili, mzee Kiragu, mwenye ploti ya vyumba alikopanga, akiwa kanisani. Siku nyingine mzee huyo akinusa maharagwe chumbani mwa mpangaji, huenda moja kwa moja kwenye swichi kuu na kuzima stima ya ploti nzima, kwa kuwa bili ni yake na koili za kupikia kwa stima amezikataza.

"Haichukui hata saa moja, Mwalimu," Shivachi alimjibu.

"Na kitabu changu?"

"Kitakaa palepale. Mimi si fundi wa juzi."

Kitabu kizima kingetosha kwenye diskete mbili. Alikuwa nazo mbili mfukoni, lakini alikuwa amezitenga ziwe za kuanzishia Linux, na duka lilikuwa mbali kidogo. Hivyo ndivyo watu wazima wenye elimu hujidanganya. Akaiamuru programu isogeze mafaili upande mmoja wa diski, kazi isiyotakiwa kukatizwa katikati. Ilikuwa imefika nusu, sauti ya Kiragu iliposikika uani.

"Nani anachemsha maharagwe na koili? Mnadhani ploti yangu ni bwawa la stima la Turkwel?"

Mpangaji mmoja akamsingizia jirani, jirani akasema hiyo ni harufu ya jana, watu wakacheka. Shivachi alikimbilia mlangoni kumsihi mzee asubiri. Mzee alikuwa ameshafika kwenye swichi. Nyuma yake skrini ilizimika.

Stima iliporudi jioni, mashine haikuona mfumo wowote. Alihangaika nayo hadi Jumapili alasiri, akaokoa vipande tu: nusu ya swali, majibu yasiyo na maswali. Akauliza daftari za rasimu ya kwanza ziko wapi. Nabalayo akamwambia alimpa mama muuza mandazi azitumie kufungia mandazi, maana kila kitu kilikuwa kwenye kompyuta.

Hakumtukana. Aliifunika ile mashine kwa kitambaa, akasema, "Nenda tu, Shivachi. Kesho una mahojiano."

Shivachi hakwenda kwenye mahojiano. Hakuwa na uso wa kumwambia mtu kwamba anaijua kazi.

Yeye alikosa kazi. Nabalayo alipoteza miaka mitatu, na kitabu kile hakukiandika tena.