Talaka Iliyobaki

Bi Kuluthum binti Jamaludin bin Athumani wa Kisauni, binti wa mshona majoho aliyewavisha mabwana harusi wa mji mzima, ndiye aliyepika biriani za harusi za Junda miaka na miaka, na hakuna wali wake hata mmoja uliotoka bokoboko. Alizaa wanne, akalea watano. Aliachwa mara mbili na mume mmoja, akarejewa mara mbili na huyo huyo.

Talaka ya kwanza ilitoka kwa sababu ya kesha. Alikwenda harusini kwa shoga yake Mwanatabu bila kumuaga mumewe, Mussab. Kurudi, akaachwa pale pale mlangoni. Ya pili ilitoka alipopata habari kwamba Mussab ameoa ng'ambo, Likoni, naye akamwambia aliyomwambia mbele za watu. Mara zote Mussab alimrejea kabla eda haijaisha. Lakini zilikuwa zimekwenda mbili, imebaki moja. Ikitoka hiyo, hakuna kurejeana tena, ila aolewe kwanza na mwingine na aachike huko.

Tangu hapo wakaishi kwa tahadhari. Mussab akipandwa na hasira, huvaa kofia akatoka, akaenda kwa miguu mpaka Kiembeni. Kuluthum akajifunza kumeza maneno mpaka koo likazoea. Hata mke wa Likoni alipofariki, Mussab akaja na mtoto mchanga kifuani, Kuluthum alinyoosha mikono. Alimpokea mtoto, akaenda kumtafutia maziwa. Mtoto huyo ni Hadeel.

Watu wakaisifu nyumba ile kwa utulivu. Maharusi wakaletwa kupewa nasaha. "Sikilizaneni," Kuluthum huwaambia, na hapo akaishia.

Sasa uzee umeanza kumpokonya Mussab kumbukumbu. Ikifika alasiri hurudi miaka ile.

"Wewe, ulikwenda kesha la nani bila ruhusa yangu?"

"La Mwanatabu, naye ashakuwa na vitukuu."

"Unanijibu? Basi leo nita..."

Kuluthum humtia kipande cha ndizi kinywani. Mussab hutafuna, akasahau.

Kuluthum alikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa. "Aliyepotewa na akili talaka yake haipiti, Bi Kuluthum," mwalimu akamtuliza.

"Na asubuhi je, anapoamka na akili zake?"

Mwalimu akazungusha tasbihi. "Hapo, mamangu, hupita."

Asubuhi ya juzi Mussab aliamka anamtambua. Alimtazama akimimina chai.

"Kuluthum, sisi tulipendana, au tuliogopa?"

Alijitafuta ndani, furaha hakuna, uchungu hakuna. "Sijui, Babake Nawaf. Kunywa, chai inapoa."

"Mimi niliogopa. Ile Kiembeni sikuwa nafuata upepo."

"Najua."

"Nawe umechoka. Nakuona. Umekaa hapa kama mtu aliyefungwa, na mimi ndimi kufuli." Machozi yakamtoka. "Nikupe ruhusa yako upumzike, mke wangu. Si kwa hasira. Wallahi si kwa hasira. Basi, Kuluthum, nime..."

Alimziba kinywa kwa kiganja, chai ikamwagika mkekani.

"Si kwa hasira, lakini inahesabika!" akasema. "Nipumzike wapi? Ukifa, wakikuosha, mimi niwe nimesimama nje kama jirani? Nimekaa miaka yote hii, na kukuosha nako nikukose?"

Mussab akatikisa kichwa chini ya kiganja. Kuluthum hakuondoa mkono mpaka alipoona macho ya mumewe yameanza kupotea, hajui tena yuko wapi wala mkono ule ni wa nani.

Jioni alimwita Hadeel jikoni.

"Abee, mama."

"Kuanzia kesho, babako akiamka, wewe ndiye utakayekaa naye. Chai umpe wewe. Mzungumzie habari za mamako wa Likoni, huzipenda."

"Lakini mama, asubuhi ndiyo saa pekee anayokujua."

"Ndiyo maana. Mimi nitaingia akishanisahau." Alifunika sufuria. "Akiuliza kama nimechoka, mwambie sijachoka. Na mlango wa chumba uufunge, asinisikie nikipita."