Majani Mkononi mwa Shemeji

Jumatatu, mwanzoni mwa Januari. Jua kali tangu asubuhi, Mlima Meru wazi mpaka kileleni, na vumbi la kijijini kwetu Nduruma likipanda hata bila upepo.

Naanzia siku hiyo kwa sababu ilikuwa ya kawaida. Kina mama wa usharika wetu walikuwa wanapakia maharage na unga wa sembe kwenye Fuso niliyokuwa naendesha. Upande wa mashariki wa Kongo ulikuwa umevamiwa na watu wenye bunduki. Nchi yetu ilikuwa imepeleka wanajeshi kusaidia, na raia nao wakachanga chakula cha wakimbizi. Mimi niliishia darasa la saba, siasa yake siwezi kuieleza. Wengine waliwaita wale watu waasi, wengine wavamizi kutoka nje. Mimi sikuona pasipoti ya mtu.

Aliyekwenda nami alikuwa shemeji yangu Lembris, kaka wa mke wangu, Mwarusha wa Kisongo. Fundi mzuri wa magari, mwenye maneno mengi.

"Dereva, ukiuza maharage yetu njiani tutajua," mama mmoja alinitania.

"Huyu Mmeru auze?" Lembris akamjibu. "Akimwona trafiki tu anatetemeka mpaka gari linazimika."

Walicheka. Mama yake Lembris alikuwa amekuja kumuaga. Alimtemea mate kidogo kichwani, ndivyo wanavyobariki, kisha akanigeukia mimi.

"Umrudishe."

"Ndiyo, yeyo," nilisema. Ndivyo wanavyomwita mama.

Tulizunguka kupitia Uganda, tukaingia Kongo, tukashusha mzigo kwenye mji mdogo karibu na kambi ya wanajeshi wetu. Askari mmoja, mwenyeji wa Sokon One pale Arusha mjini, alituuliza kama nyumbani mvua imenyesha. Wakimbizi walikuwa wamelala kwenye madarasa ya shule, familia kwa familia. Walipokea maharage wakasema aksanti, kwa Kiswahili cha kwao. Watu huniuliza kama msaada ule ulisaidia kitu, maana baadaye mji ulichukuliwa, na askari wetu wengine walirudi kwenye majeneza. Maharage yaliliwa, hilo nililiona. Zaidi ya hapo sijui.

Kabla hatujaondoka, mizinga ikaanza. Mkubwa wa kambi akatuambia tutoke upesi kwa barabara ya kaskazini, bado iko wazi. Sidhani kama alitudanganya. Alipotuambia, ilikuwa wazi.

Mbele tukakuta gogo limelazwa barabarani, na watu wenye bunduki. Mpaka leo sijui walikuwa wa upande gani. Mavazi yao yalikuwa mchanganyiko, huyu kombati, huyu jezi ya mpira. Wanaweza kuwa hata wa upande ule tuliokwenda kuusaidia.

"Bote chini!"

Tukashuka.

Lembris aliinama ukingoni mwa barabara. Aling'oa majani, akainua mikono.

Kwa Waarusha hiyo ni amani. Mtu akiwa na hasira, hata kama ameshika sime, ukiinua majani mbele yake anatakiwa aache. Nilishamwona Lembris mwenyewe akiamua ugomvi wa mpaka wa shamba kwa namna hiyo, pale Kisongo, na wale watu wakakaa chini.

"Iko na nini mu mukono?"

"Majani," alisema Lembris. "Ni amani."

"Tupa chini!"

Hakutupa. Nadhani kwake kuyatupa kungekuwa kuikataa amani aliyoiomba.

Risasi ilikuwa moja. Au mbili.

Nilipiga kelele kwamba ni majani. Nafikiri nilipiga. Sina hakika kama sauti ilitoka.

Yule aliyefyatua akaja, akamfungua vidole, akatazama.

"Nyasi," akawaambia wenzake. "Ni nyasi tu."

Nimemfikiria sana mtu yule. Alimwona mgeni akiinama na kuinuka na kitu mkononi, na labda jana yake mwingine aliinama hivyo hivyo akainuka na bomu. Bunduki ile ningeishika mimi, sijui ningefanya nini. Alinisaidia kumpandisha Lembris kwenye bodi, yeye akashika miguu. Sijamsamehe, wala simchukii. Nikitafuta moyoni sikuti kitu.

Wakaondoa gogo, nikapita. Mji uliofuata nikaambiwa mpaka wa Uganda umefungwa, na pa kuhifadhi maiti hapakuwepo. Watu wa kanisa moja dogo walinisaidia kumzika. Mbao za jeneza walizitoa kwa mzee wao mgonjwa, alikuwa amejiwekea mwenyewe. Hawakunijua hata jina.

Mpaka ulipofunguliwa nikarudi, gari tupu. Nilifika Kisongo jioni, mke wangu alikuwa ameshakuja kwa mama yake. Taarifa walikuwa nayo kwa simu, lakini yeyo alitaka aisikie kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Kisha akauliza jambo moja.

"Aliyashika kwa mkono gani?"

Mkono wa kulia ndio wa heshima. Mke wangu alinikazia macho, na nilijua anataka nijibu nini. Nikajaribu kuiona tena ile mikono. Yote miwili ilikuwa juu.

"Yeyo, sikumbuki."

"Lakini aliyainua?"

"Aliyainua."

"Haya," alisema.

Wanaume wa boma walikaa nje wakibishana kwa sauti ya chini, kama msiba usio na mwili unachinjiwa au hauchinjiwi. Hawakufikia mwafaka. Jirani akaleta ugali na kabichi. Mke wangu hakugusa chakula, mimi nilimeza matonge machache. Yeyo alikula taratibu, akamaliza wake wote, akaomba aongezewe.