Kicheko Wakati wa Matanga

Wajukuu zangu wakitazama vichekesho kwenye televisheni, kicheko kinatoka humo humo, na hakuna anayejali ni cha nani. Mimi kinanikera. Zamani kicheko kilikuwa na mwenyewe, na kwa miaka michache mwenyewe nilikuwa mimi.

Televisheni huku bara hatukuwa nayo. Mchezo wetu ulikuwa wa redio, kila wiki, ukitengenezwa na kikundi cha sanaa cha kiwanda kimoja Moshi mjini. Waigizaji walizunguka maikrofoni moja kwenye ukumbi tuliouziba madirisha kwa blanketi, nami nilikaa kwenye benchi nyuma yao, kazi yangu kucheka. Nilichaguliwa kwa sababu nikianza siachi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, betri za redio watu wanazianika juani zipate uhai, na mimi nashuka kutoka Uru kwenda kucheka. Wifi yangu alisema hiyo ni kazi ya watu wasio na shughuli.

Siku moja mume wangu alinisindikiza, ana mkungu wa ndizi wa kuuza sokoni Kiboriloni. Mvua ikamkuta mjini, akaingia ukumbini, akaambiwa akae kimya. Alijitahidi, maskini. Lakini yule mlevi wa mchezo alipoanza kumwamkia ng'ombe shikamoo, akidhani ni baba mkwe wake, uvumilivu ukamwisha. Kicheko chake kilikuwa chembamba, cha kwikwi, utadhani mtu kapaliwa na ugali. Nami nikamcheka yeye kuliko nilivyomcheka mlevi. Mwongozaji alikasirika, ila hakurudia. Kanda zilikuwa za shida, akaituma ilivyo Dar es Salaam kwa basi.

Michezo yetu ilikaa huko wiki kadhaa kabla ya kutangazwa. Katikati hapo homa ikamshika mume wangu. Hata wiki haikuisha, tukamzika kihambani, shamba la ukoo wake, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe.

Tulikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Baada ya matanga ukoo ungekaa kuamua kama nibaki kwenye kihamba kile au nirudi kwa baba yangu, na nilijua neno la mwisho ni la mama mkwe. Niliogopa sana. Sikuwa na pa kwenda na mtoto wangu.

Basi jioni moja ya matanga wanawake tumekaa tunamenya ndizi, redio ya jirani ikafunguliwa ng'ambo ya uzio wa masale. Nikajisikia humo. Nacheka, tena kwa nguvu zote. Visu vikasimama.

"Udongo wa kaka yangu haujakauka," wifi akasema, "na wewe unacheka redioni?"

Nilieleza kwamba tulirekodi zamani, mwenyewe akiwa mzima. Hakuna aliyetaka kunisikia. Ndipo mama mkwe akainua mkono tunyamaze. Chini ya kicheko changu kulikuwa na kingine, chembamba, cha kwikwi.

"Huyo ni mwanangu," akasema.

Kikasikika tena mara moja, kisha muziki ukaingia. Wifi akajifunika kanga usoni akalia. Ukoo ulipokaa, mama mkwe alisema tu, "Mke wa mwanangu haendi popote," na hakuna aliyebisha.

Lakini alikitaka kile kicheko. Matanga yalipoisha alinituma mjini nikaombe ile kanda, hata kama ni kuisikiliza mara moja pale pale ukumbini. Mwongozaji aliniangalia kwa huruma. Ilikuwa imerudi kutoka Dar es Salaam, akasema, na tayari walikuwa wamerekodi mchezo mwingine juu yake. Kanda mpya wangeipata wapi?

Nilipanda mlima nimechoka, nikamkuta amekaa mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani, tayari kwa safari ya mjini. Nikamwambia ukweli.

"Basi cheka wewe, mwanangu," akasema. "Kama siku ile. Labda nitamsikia."

Nikakaa karibu yake, nikajaribu. Sauti iliyotoka hata mimi sikuijua. Nikajaribu tena.

"Acha," akasema, akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Hayupo."