Siku Tisa Nilizozificha

Sijamsamehe, na sitajifanya nimemsamehe. Mimi na mwenzangu huyo tulikaa meza moja ofisini, mjini Kisii, tukipanga kazi za ujenzi. Chai tuliagiza pamoja, siri za nyumbani tulimwagiana. Kwa hiyo mkubwa wetu aliposema ujenzi wa wodi ya kina mama kujifungulia kule Ekerenyo utasimamiwa na yule ambaye ratiba yake itamridhisha, sikuona ubaya kumwonyesha yangu. Ekerenyo ni kwetu, nami nilikuwa sijawahi kupewa mradi wangu mwenyewe. Huo niliutaka kwa moyo wote.

Yeye alikuwa mtu wa mistari: kila kazi na mstari wake kwenye karatasi, hapa inaanza, pale inaisha. Inapendeza machoni, sikatai. Mimi nilipanga kwa mnyororo, kila kazi imeshikana na ile inayoingoja, ili uone ipi ikikwama inakwamisha jengo zima. Hapo ya kukwamisha ilikuwa zege, na kwetu mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Basi nikaweka siku tisa za akiba, nikazificha ndani ya siku za zege kukauka, maana mkubwa akiona siku ya akiba huiita siku ya kulala. Hayo nilimwambia yeye peke yake.

Kikaoni tulibandika ratiba zetu ukutani. Yangu ilikuwa ndefu kidogo, na mkubwa akauliza kwa nini. Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu akasema kwa sauti ya upole, "Ameficha siku tisa humo, mkubwa. Mwulize mwenyewe."

Jamani. Nilimtazama, naye akawa anapangapanga karatasi zake. Nilijaribu kueleza habari ya mvua, ikasikika kama kisingizio. Nikaonekana mwongo mbele ya ofisi nzima. Mradi akapewa yeye, mimi nikapelekwa Mosocho kupima mitaro.

Mvua ilianza wiki ileile waliyomwaga zege. Akanipigia simu, bila pole, bila chochote.

"Dada yangu, kazi imesimama. Kwa ule mnyororo wako, nianzie wapi?"

Eti dada yangu. Nilitaka kumwachia mvua yake na mistari yake. Lakini watakaozalia pale ni wake wa kaka zangu. Nikamwelekeza hatua kwa hatua mpaka akaelewa, kisha nikafuta namba yake.